Tambi, Muhogo na Kitoweo

Katika lugha ya Kiswahili neno chakula lina maana mbili. Maana ya kwanza ni pana, nayo ni kila kitu kiliwacho. Maana ya pili ni nyembamba, na ndiyo itumikayo zaidi majumbani: chakula ni ugali, au wali, au muhogo, na vingine vyote viwekwavyo kando yake huitwa kitoweo au mboga. Mtu aliyekula ugali mtupu husema amekula chakula, ila amekosa mboga. Lakini mtu aliyekula samaki wawili bila ya ugali hulalamika kuwa hajala kitu. Usemi huu ni wa zamani, na katika mazungumzo hauna ubaya. Ubaya wake huonekana pale usemi unapogeuka kuwa mizani ya kugawia. Kwa sababu kile ambacho ulimi umekiita cha kando, mwili hukihesabu kuwa miongoni mwa mahitaji yake ya kwanza.

Ili jambo hili lionekane vizuri, yafaa kulitazama kwanza katika sahani ya mgeni. Nchini Thailand kuna chakula cha tambi pana za mchele, ambazo hukaangwa upesi katika karai lenye moto mkali pamoja na vitunguu saumu, pilipili nyingi, mayai, nyama ya kuku au kamba, mboga mbichi, mchuzi wa samaki, na majani ya mmea ulio wa jamaa moja na mrehani. Kwa Kithai huitwa phat khi mao, maana yake kikaango cha mlevi. Kwa kawaida pombe haimo ndani yake, na watu wa huko wana hadithi zaidi ya moja juu ya asili ya jina hilo. Mapishi ya Thailand yamekwisha kufika katika mikahawa ya Dar es Salaam. Na kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha ni mwendo wa kilomita 40 hivi kwa barabara ya Morogoro, na hadi Kisarawe, kupitia Pugu, ni karibu zaidi.

Mgeni huyu si mgeni kwa viungo vyake. Tambi zinajulikana Pwani tangu zamani, na jina lake ni lile lile la tambi za taa, kwa kuwa zinafanana nazo. Hupikwa kwa sukari, tui la nazi na iliki, hasa jioni za mwezi wa Ramadhani. Mrehani hupandwa uani kwa ajili ya harufu yake njema. Mchuzi wa samaki wa Thailand hutengenezwa kwa samaki wadogo waliowekwa katika chumvi kwa miezi mingi, nao ni ndugu wa dagaa mchele wavuliwao katika bahari ya Mafia na Unguja. Pilipili haihitaji kuelezwa. Wala si vibaya kukumbuka kwamba pilipili kali na muhogo vyote viwili vilitoka bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na pilipili ya namna hii katika karai la Thailand, wala hapakuwa na muhogo katika mashamba ya Kisarawe. Merikebu za Wareno zilisaidia kuvisambaza, na leo Thailand ni miongoni mwa nchi ziuzazo mazao ya muhogo kwa wingi duniani. Basi sahani ya huko na sahani ya huku zina babu mmoja. Tofauti yao i katika mpango.

Tazama hesabu ya sahani ya Thailand. Gramu 200 za tambi za mchele zilizopikwa huupa mwili kalori 200 na zaidi kidogo, na karibu zote hutokana na wanga. Protini, ambayo ndiyo chakula cha kujenga mwili, haizidi gramu 4. Kwa hiyo tambi zenyewe ni chakula cha kutia nguvu, na hazina jingine kubwa la kusifiwa. Lakini ndani ya karai lile limo yai moja, lenye gramu 6 hivi za protini, na vipande vya kuku ambavyo huweza kuongeza gramu 15 au zaidi. Majani na mboga huleta vitamini na madini ya kuulinda mwili, na kwa sababu hukaa motoni dakika chache tu, vitamini C, ambayo huharibiwa na moto wa muda mrefu, haipotei yote. Mafuta ya kijiko kimoja cha chakula huongeza kalori 120 na kuusaidia mwili kupokea vitamini A. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Sahani moja ya namna hii humpa nusu yake. Kasoro yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani gramu 2 za sodiamu, na kijiko kimoja cha mchuzi wa samaki huweza kuwa na sodiamu zaidi ya gramu 1. Mpishi mwenye busara hupunguza mkono hapo.

Na pilipili je? Wengi hudhani kwamba ukali wake ni nguvu. Ukali si nguvu, wala kwa hakika si ladha. Kitu kilichomo ndani ya pilipili, kiitwacho kapsaisini, huamsha mishipa ile ile ya fahamu iliyoumbwa kutambua moto. Mlango wa mishipa hiyo ulitambuliwa mwaka 1997 na David Julius pamoja na wenzake katika Marekani, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, na ndiyo sababu mtu aliyeunguzwa na pilipili hunywa maji asipate nafuu, lakini hutulizwa na maziwa. Pilipili mbichi ina vitamini C kwa wingi sana. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliipata vitamini hiyo kwa wingi katika pilipili za mji wa Szeged. Hata hivyo ni nani alaye bakuli la pilipili? Kiasi kiliwacho ni kidogo, na faida yake ni ndogo kwa kadiri hiyo. Kazi kubwa ya pilipili mezani ni kuita mate na kufanya chakula kikavu kipite kooni. Katika karai lililojaa vitu vingi pilipili hukamilisha. Katika sahani yenye kitu kimoja pilipili huficha upungufu.

Neno hili la mwisho linaleta fikira Kisarawe. Wilaya hii ya vilima na mabonde, nchi ya Wazaramo, huzaa muhogo, minazi, mikorosho, michungwa, mananasi, kunde na mbaazi. Muhogo ndio mkuu wao. Huchemshwa, huchomwa, hupikwa kwa nazi, hukaushwa ukawa makopa na kusagwa unga wa bada. Na kando ya barabara hukaangwa na kuuzwa moto moto, ukatiwa chumvi na chachandu. Sifa zake ni kubwa. Hustahimili jua, hukubali ardhi iliyochoka, na hungoja ardhini mpaka mwenyewe atakapouhitaji. Nyumba nyingi zimeokolewa na muhogo katika miaka ya ukame, na si haki kumdharau mwokozi. Lakini mwokozi wa njaa si lazima awe mjenzi wa mwili. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori 160 hivi, na protini gramu 1 na nusu au pungufu. Mtu mzima yule wa kilo 60, kama angetaka kupata protini ya siku kwa muhogo peke yake, angepaswa kula zaidi ya kilo 3 na nusu. Mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 12 huhitaji protini gramu 11 au 12 kwa siku. Ili aipate katika muhogo mtupu ingempasa ale gramu 800, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Hata kama lingekuwa nayo, protini ya muhogo ni hafifu, na isingetosha kwa ukuaji wake.

Ajabu ni kwamba dawa ya upungufu huo imesimama juu ya mti ule ule. Jani la muhogo, ambalo likipikwa huitwa kisamvu, lina protini gramu 7 hivi katika kila gramu 100 za jani bichi, pamoja na chuma, kalisi na viini vya vitamini A. Wazee wa Pwani, bila ya maabara, waliweka utaratibu wa kulipika ambao maabara zimekuja kuuthibitisha. Jani na mzizi vina sumu ya sianidi iliyofungwa ndani ya chembe zake. Kisamvu kinapotwangwa kinuni, chembe hupasuka na sumu hufunguka. Kinapochemshwa kwa muda mrefu bila ya kifuniko, sumu huondoka pamoja na mvuke. Vitamini C nyingi huondoka pia, na hiyo ndiyo bei ya usalama. Tui la nazi huleta mafuta ya kubeba vitamini A. Dagaa au karanga zikitiwa humo, hukamilisha protini ya jani. Mzizi mchungu nao hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Watu wakifanya haraka kwa sababu ya njaa, na sahani ikawa haina kitoweo, adhabu huwa kali. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na usiopona, ambao huwashika zaidi watoto na wanawake. Konzo huhitaji mambo mawili yakutane: muhogo mchungu usiotayarishwa vema, na mlo uliokosa protini ambayo mwili huitumia kuiondoa sumu. Palipo na kitoweo cha kutosha, mwili una silaha.

Sasa tofauti ya mpango ionekane waziwazi. Katika karai la Thailand tambi na kitoweo hupikwa pamoja, na mwenye kupakua hupakua vyote. Kwa desturi nyingi za Pwani chakula hupikwa chungu chake, na kitoweo chungu chake. Kisha hugawiwa mara mbili, na mgawo wa pili haufuati haki ya mgawo wa kwanza. Chakula hupimwa kwa njaa, lakini kitoweo hupimwa kwa cheo. Mgeni hupewa minofu, baba hupewa kichwa cha samaki na mafungu mema, wakubwa hupewa kinachofuata, na mtoto huachiwa mchuzi wa kuchovya. Si uchoyo; ni adabu iliyorithiwa. Maneno yafuatayo yamesemwa katika nyumba nyingi mno kiasi kwamba hayana mwenyewe:

“Bibi, naomba dagaa.”

“Dagaa ni wa babu yako, mjukuu wangu. Wewe kula bada ushibe, ukue.”

Bibi anampenda mjukuu wake, tena pengine yeye mwenyewe hakubakiza dagaa hata mmoja. Lakini katika sentensi yake kushiba na kukua vimefungwa kamba moja, na kumbe ni vitu viwili. Bada hushibisha, dagaa hukuza. Babu amekwisha kukua miaka mingi iliyopita, na mjukuu ndiye anayejengwa sasa. Kiganja kimoja kidogo cha dagaa wakavu, gramu 20 tu, kina protini zipatazo gramu 10, karibu mahitaji yote ya mtoto yule wa miaka 2 kwa siku nzima. Hicho ndicho kinachohamishwa kutoka sahani moja kwenda nyingine, bila ya mtu kujua kwamba kimehamishwa mwili.

Matokeo yake yana majina. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieneza katika mwaka 1935 neno la lugha ya Kiga kwa ajili ya ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizofifia. Neno hilo ni kwashiorkor, na Waswahili wameligeuza kuwa kwashakoo. Maana yake huelekea kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Ziwa limeondoka, uji wa wanga mtupu umeingia, na mtoto aonekanaye mnene ni mgonjwa. Udumavu ni mpole kuliko kwashakoo, na kwa hiyo ni msiri zaidi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30. Sababu za udumavu ni nyingi, na maji machafu na maradhi ya kuhara yamo. Lakini sahani imo pia.

Kibaha ina historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya uhuru, Tanganyika na nchi za Kaskazini ya Ulaya zilianzisha hapo mradi uliokuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Fikira iliyokuwa ndani yake haijazeeka: kwamba daktari, mwalimu na mkulima wakikaa mbali, kila mmoja huona sehemu tu ya mtoto. Daktari huona miguu iliyovimba, mwalimu huona usingizi darasani, mkulima huona gunia lililojaa. Wakikaa pamoja huona sahani moja. Mwaka 1973 nchi ilipata pia taasisi yake ya chakula na lishe. Na Kibaha hiyo hiyo hutengenezwa chanjo ya kideri cha kuku inayostahimili joto, ambayo mfugaji wa kijijini aweza kuitumia. Kuku anayepona kideri ni mayai. Na yai katika bakuli la mtoto ni gramu 6 za protini, hata kama hakuna mtu aliyelitaja neno protini.

Lakini Kibaha ya leo ni mji wa viwanda na wapangaji, na huko tambi zimeingia kwa mlango mwingine. Kijana atokaye kazini jioni, amechoka, hununua tambi za pakiti, namna iliyovumbuliwa na Momofuku Ando nchini Japani mwaka 1958. Huzitia maji moto, akamimina unga wa kiungo wote, akaongeza pilipili, na katika dakika tano amekula. Bei ni nafuu na kuni hazihitajiki, asilaumiwe. Hata hivyo ajue alichokula. Tambi hizo aghalabu zimekaangwa kwa mafuta kiwandani, na pakiti moja pamoja na kiungo chake huweza kuwa na nusu ya chumvi ya siku au zaidi. Yai, jani na nyama vya karai la Thailand havimo; kilichobaki ni uzi na ukali. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kumbe kijana wa Kibaha mwenye tambi na pilipili, na mtoto wa Kisarawe mwenye muhogo na chachandu, wanakula mlo mmoja kwa majina mawili. Wote wawili wana utambi usio na mafuta. Na taa ikikosa mafuta, utambi hujila wenyewe. Ndivyo na mwili uliokosa protini uanzavyo kuchukua katika misuli yake.

Haifuati kwamba watu wa Kisarawe waache muhogo wapike kikaango cha mlevi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na Pwani ina vyungu vyake vya pamoja. Muhogo wa nazi uliopikwa na samaki ndani yake ni chungu cha namna hiyo. Kunde na muhogo katika futari ni chungu cha namna hiyo. Mbaazi zilizokauka zina protini zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, na korosho zina 18 hivi. Ingawa korosho nyingi za wilaya hutoka kwa magunia, na fedha yake hurudi mara nyingi kwa sura ya sukari na tambi nyeupe. Wazee walijua kuchanganya, ila waliuheshimu mchanganyiko mno, wakauweka kwa mwezi mtukufu, kwa wageni na kwa sherehe. Kilichowekwa kwa heshima ya jioni chache ndicho ambacho mtoto anakihitaji kila siku, bila ya sherehe yoyote.

Wala gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwenye yai moja alivunje katika tambi za pakiti, atupe nusu ya kiungo, atie mchicha au matembele dakika ya mwisho. Mwenye dagaa kidogo awatwange, awachanganye na kisamvu au uji kabla ya kupakua, ili pasiwe na fungu la cheo na fungu la mchuzi. Dagaa waliokwisha kutwangwa ndani ya uji hawawezi kuchaguliwa tena na mkono wa mkubwa. Heshima ya babu haitapungua kwa hilo. Ataendelea kukaa mahali pake jamvini, na kunawishwa wa kwanza. Kitakachobadilika ni kwamba mjukuu, anapoambiwa ale ushibe na akue, ataambiwa maneno ambayo sahani iliyo mbele yake yaweza kuyatimiza.